Unadhifu Una Saa Yake

Binti mmoja wa Ushongo, kijiji cha pwani ya Pangani, aliajiriwa katika nyumba ya wageni, na wiki ya kwanza tu msimamizi akamwagiza kwa Kiingereza akakifanye chumba cha mgeni kiwe "tidy". Akaenda mbio. Akachota maji, akatia sabuni, akapiga deki mara mbili, akasugua sinki, akapangusa vioo mpaka vikang'aa. Mgeni aliporudi kutoka kuogelea alikuta chumba kinanukia vizuri, lakini nguo zake zimelundikana kitini kama alivyoziacha, kiatu kimoja kiko mlangoni na kingine uvunguni, na chandarua kinaning'inia ovyo. Binti alikuwa ameona aibu kugusa vitu vya mtu mzima asiye ndugu yake. Msimamizi akamwita mvivu. Akalia, na alikuwa na haki ya kulia, kwa sababu mgongo ulikuwa bado unamuuma kwa kazi aliyoambiwa hakuifanya.

"Mwalimu," aliniuliza baadaye, "kwani safi si ndiyo hiyo hiyo?"

Siyo, na kosa si lake. Wengi wetu tuliosoma Kiingereza cha ubaoni tulifundishwa neno hili kwa pupa: mwalimu aliandika "tidy", akaandika "safi" mbele yake, akageukia neno linalofuata. Nami nimewahi kuwa mwalimu wa namna hiyo, kwa hiyo makala haya ni kulipa deni.

Kiswahili hakijakosa maneno ya jambo hili. Kinayo mengi kiasi cha kutuchanganya. Safi ni kitu kisicho na taka wala doa: maji safi, hewa safi, hata moyo safi. Nadhifu lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana hiyo hiyo ya kutokuwa na uchafu, ila lilipofika kwetu likavaa shati lililopigwa pasi: mtu nadhifu ni msafi ambaye pia amejipanga. Mtanashati ni nadhifu anayejua kwamba anatazamwa. Maridadi ameshatia na mapambo. Halafu kuna ukoo mwingine kabisa, wa mpangilio, utaratibu na nidhamu, ambao haujali uchafu hata kidogo.

Ukitaka kuuona ukoo huu wa pili peke yake, chungulia ndani ya ngalawa ya mvuvi hodari jioni, inapokuwa imevutwa mchangani. Inanuka samaki. Magamba yamegandia mbao, na chini kuna maji ya rangi usiyoweza kuitaja. Lakini mshipi umezongwa vizuri kwenye kibao chake, ndoana zimechomekwa pamoja kwenye kipande cha sandali kuukuu, kamba ya nanga imekunjwa duara juu kwa juu ili itoke bila kufunga fundo, na kopo la kutolea maji chomboni liko pale ambapo mkono utalikuta gizani. Ngalawa hiyo ni chafu, nayo ni "tidy" kuliko chumba chochote kilichopigwa deki mara mbili. (Hiyo deki yenyewe ni neno la baharini: ni sitaha ya meli, ambayo mabaharia huiosha kila kukicha. Limepanda nchi kavu likaingia mpaka vyumbani mwetu.)

Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi mahotelini, shikeni hivi. Ukiambiwa "clean", mkono uende kwenye ndoo. Ukiambiwa "tidy", mkono uende kwenye vitu. Ukiambiwa yote mawili, anza na vitu, maana hakuna awezaye kudeki chini ya rundo. Na ile aibu ya kugusa mali ya mgeni ni adabu nzuri, usiitupe, itafutie njia. Uliza siku ya kwanza ni vipi vishikwe na vipi viachwe. Kama hakuna wa kumuuliza, kunja nguo uziache palepale kitini badala ya kuzificha kabatini, linganisha karatasi bila kubadili mfuatano wake, weka viatu viwili viwili, funga chandarua. Fedha usiiguse, hata ikiwa sarafu moja iliyoanguka chini: fagia kandokando yake, kisha mwite msimamizi.

Hapo ningeweza kuishia, kama lingekuwa suala la kazi tu. Lakini neno hili lina asili ambayo mtu wa Ushongo anaielewa upesi kuliko mtu wa bara, na nilipoijua mimi mwenyewe nilibadili hata namna ninavyopanga nyumba yangu.

"Tidy" limezaliwa na "tide". Leo "tide" ni maji kujaa na kupwa. Hata ufukweni Ushongo ipo hoteli iliyolichukua neno hilo kuwa jina lake. Lakini katika Kiingereza cha kale neno hilo halikuwa la bahari. Lilikuwa na maana ya wakati, majira, saa ya jambo. Ndugu yake wa Kijerumani ni "Zeit", wakati, katika lugha ya hao hao waliowahi kuitawala Tanga na kutuachia neno shule. Bahari ilipewa jina hilo kwa sababu huja na kuondoka kwa saa zake. Na "tidy", lilipoanza kutumika zama za kati, lilikuwa na maana ya kitu kilichokuja kwa wakati wake: mvua iliyonyesha msimu wake, mavuno yaliyowahi. Kutoka hapo likawa sifa ya kitu kilichonawiri, chenye afya na sura njema. Maana ya vitu kukaa mahali pake, hii inayomsumbua binti yetu, imekuja kushika nafasi karne ya 18. Kwa maneno mengine, Waingereza walijua saa ya kitu kabla ya kujua mahali pake.

Sisi je? Sisi tunaishi ndani ya neno la aina hiyo hiyo. Pwani ni pale maji yanapopwa. Kitenzi kimo ndani ya jina, tunakanyaga juu yake kila siku bila kukisikia. Na tazama neno taratibu. Limetoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya mpangilio, na tunalo bado katika utaratibu. Lakini mwambie dereva wa bodaboda "taratibu!" uone kama atakupangia kitu: atapunguza mwendo. Mwingereza aliuchukua wakati akaufanya kuwa mpangilio. Mswahili aliuchukua mpangilio akaufanya kuwa mwendo. Mmoja ametokea kusini mwingine kaskazini, wamekutana njiani.

Hata Pangani, mji ambao kwa miaka mingi ilibidi uufikie kwanza, uvuke mto kwa pantoni hadi Bweni, ndipo ushike njia ya Ushongo, una mchezo wake. Washairi wa kale walimalizia amri ya watu wengi kwa -ani. Walisema "pulikani" pale sisi tunaposema sikilizeni. Kwa ulimi huo "pangani" ni amri: pangeni vyenu! Sidai kwamba jina la mji limetoka huko. Nasema tu linapendeza masikioni.

Mfano bora ninaoujua wa unadhifu wa saa uko baharini, mbele ya Ushongo. Kisiwa cha Maziwe kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Wakati huo kilikuwa na miti, mivinje hasa, na kasa walikuwa wakipanda kutaga. Miti ikaisha, mawimbi yakala udongo, na kufikia miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Kasa hawakuambiwa. Wanaendelea kurudi kutaga kwenye mchanga ambao baada ya saa chache utakuwa chini ya maji, na yai la kasa likizamishwa hivyo halianguliwi. Ndiyo maana watu wanaowalinda huyachimbua mayai na kuyahamishia ufukweni Ushongo, kwenye mchanga wa juu.

Kazi hii, kwa mtazamaji, ni kuhamisha vitu kutoka mahali pabaya kwenda mahali pazuri. Lakini uliza namna inavyofanywa. Yai la kasa likishakaa saa kadhaa tangu litagwe, kiinitete kinajishikiza kwenye ganda. Ukiligeuza baada ya hapo, unakiua. Kwa hiyo mayai yanahamishwa mapema, bila kutikiswa, bila kugeuzwa juu chini, na yanafukiwa kwenye shimo la kina kile kile alichochimba mama yao. Kisha yanaachwa kwa kiasi cha siku 50 hadi 60. Siku zinapokaribia, ufukwe kati ya shimo na maji unaandaliwa: mashimo yanafukiwa, chupa na vipande vya nyavu vinaondolewa, na taa zinazoelekea baharini ni vizuri zizimwe, kwa kuwa watoto wa kasa hufuata mwanga na taa ya baraza huwapoteza. Ukiufagia ufukwe huo mwezi mmoja mapema na ukaishia hapo, umejichosha bure, maana bahari italeta taka nyingine. Ukiufagia siku moja baadaye, umefagia makaburi.

Nimeishia kupanga mambo yangu kwa kuangalia kazi ile, na ushauri wangu wote unatoka hapo.

Wa kwanza unahusu kalenda. Tumefundishwa kupanga usafi kwa wiki: Jumamosi ni siku ya usafi, basi. Kina mama wa Ushongo wanaokwenda mwambani kutafuta pweza hawawezi kuishi hivyo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3, na kwa pwani yetu hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Siku hizo mwanamke hana muda wa kuanika magodoro. Chakula kinapikwa alfajiri, nyumba inafagiwa kwa kupitishiwa, mkonzo na kikapu viko mlangoni tangu jana. Kesho yake maji yatachelewa kwa kiasi cha dakika 50, na keshokutwa tena hivyo. Siku zinasogea, mwezi unabaki nusu, yanakuja maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, mwamba hauonekani vizuri, hakuna safari. Hizo ndizo siku za kufua mapazia, kutoa vitu vyote uvunguni, kushona nyavu, kurekebisha paa la makuti. Mpangilio wao unazunguka kwa wiki mbili, nao haumlaumu mtu kwa siku ambazo nyumba imevurugika kwa sababu ya riziki.

Msomaji uliye Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au Minneapolis, nawe una bamvua yako. Ni mwisho wa mwezi kazini, ni wiki ya mitihani, ni msimu wa harusi, ni Ramadhani. Ijue, iandike ukutani. Katika siku hizo jiwekee mambo matatu tu: vyombo visilale vichafu, njia ya kutoka mlangoni iwe wazi, na vitu vya kesho viwe tayari tangu usiku. Mengine yangoje maji mafu. Nimeona nyumba nyingi zikiingia katika ugomvi kwa sababu mtu mmoja anataka kabati lipangwe siku ya bamvua.

Wa pili ni mahali pa kitu. Watu hupanga vitu kwa sura: vikombe pamoja, sahani pamoja, dawa zote kwenye kisanduku kimoja. Hupendeza macho. Jaribu kupanga kwa saa. Vya alfajiri vikae pamoja: kiberiti, birika, majani ya chai, sukari, kikombe kimoja. Vya safari pamoja. Mbuzi ya kukunia nazi iwe karibu na kifuu na chujio, hata kama kimoja ni cha mti na kingine ni cha plastiki na havifanani kwa lolote, kwa sababu vinaitwa saa moja. Bibi zetu walijua hili. Walikuwa na susu, ule wavu unaoning'inia darini, na kilichowekwa humo hakikuwa cha aina moja, kilikuwa chakula cha baadaye, kisichotakiwa kufikiwa na paka wala mtoto kabla ya saa yake. Kipimo changu ni hiki: kama unaweza kukipata kitu gizani umeme ukikatika, kimepangwa. Kama unahitaji taa na dakika tano, kimepambwa tu.

Wazee wa pwani hukataza kufagia usiku, wakisema unafukuza riziki. Vijana hucheka. Nilicheka nami, mpaka pete ilipofagiwa ikatoka na taka kwa mwanga wa kibatari, na hatukuiona tena. Ufagio una saa yake. Kwa bahati mbaya au nzuri, fagio zetu tunazifunga kwa chelewa, zile njiti za kuti la mnazi, nasi twajua neno hilo lina pacha wake mwenye maana ya kutofika kwa wakati. Tunafagia kwa chelewa. Tusifagie kwa kuchelewa.

Wa tatu unahusu ufukwe wenyewe, nao unawahusu zaidi wenye nyumba na hoteli za pwani, ambao wengine wana ugonjwa wa kufagia kila kitu. Majani ya bahari yanayotupwa ufukweni si taka. Kaa wanakula humo, ndege wanachokora humo, na rundo likikauka hushika mchanga usichukuliwe. Ukiyaondoa yote ili picha itoke vizuri, utamwondoa na huyo kaa, na mwishowe mchanga. Wanapopita wageni pawe peupe, pengine paachwe. Kinachotakiwa kuondolewa ni plastiki, nyavu zilizokatika, chupa na sandali. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na imepungua, lakini bahari ina akiba ya miaka mingi na haijasoma tangazo. Wakati wa kuiokota ni huu: mara tu bamvua inapoanza kulegea. Maji makubwa huacha mstari wa takataka juu kabisa ya ufukwe, na kwa siku kadhaa zinazofuata hayaufikii tena. Una wiki nzima ya kuokota bila haraka. Ukisubiri bamvua ijayo, bahari itazichukua na kwenda kuzitupa kwa jirani, kisha utasema ufukwe wako umejisafisha.

Nirudi kwa Kiingereza kidogo, maana deni langu ni neno pamoja na matumizi yake. "Tidy up" ni kuondoa vurugu, kurudisha vitu. Usilitumie kwa kuosha. Watu husema mtu ana akili "tidy", yaani anafikiri kwa mpango, hakuna maana ya usafi wa moyo hapo. "A tidy sum" ni fedha si haba, kiasi cha kuonekana. Msimamizi akikuambia utapata hiyo, usidhani ni noti mpya zisizokunjwa. Huko Wales neno hili limekwenda mbali zaidi, hulisema kama sisi tunavyosema "poa" au "safi sana", na mtu akilitoa baada ya kuonja wali wako wa nazi, amekusifu. Kwa Kiswahili, kwa chumba andika kimepangwa vizuri, kwa mtu andika nadhifu, kwa kazi au hesabu andika ya mpangilio. Safi liwe la mwisho kulifikiria.

Binti wa Ushongo bado yuko kazini. Siku hizi anaingia chumbani, anasimama kwanza, anatazama, na ndoo inabaki nje mpaka vitu vimalizike kupangwa. Aliniambia chumba sasa kinamchukua muda mfupi kuliko zamani.

Ombi langu ni kwa walimu wa Kiingereza kuanzia Pangani hadi Moa. Mkifika kwenye neno hili, msiandike "safi" ubaoni. Watoeni watoto nje, muwapeleke ufukweni saa maji yanapoanza kupwa, muwaonyeshe ule mstari uliobaki juu ya mchanga, kisha muwaambie neno lilitoka wapi. Mkiwa na mifuko mkononi, mrudi nayo imejaa.